RANGI YA NYWELE NI YA NYWELE, SI YA NGOZI

Na Mganga wa Zahanati, Nyangamara, Lindi



Mavuno yakisha kuingia ghalani, vijiji vyetu vya Lindi huwa na ngoma na arusi nyingi. Mabibi arusi huchorwa mikono na miguu, akina mama husuka na kupaka hina, na wazee wenye mvi hutia rangi nywele na ndevu ili wakae vizuri mbele ya wakwe zao. Kujipamba si kosa. Lakini zipo rangi mbili zinazofanana kwa matumizi na zisizofanana hata kidogo kwa tabia. Moja ni jani. Nyingine ni kemikali kali. Yafaa kila nyumba ijue tofauti yake, maana kutoijua kumeleta vidonda, na mahali pengine kumeleta vifo.

Kwa nini nywele huwa nyeupe?

Ndani ya ngozi ya kichwa, kwenye shina la kila unywele, zipo chembe ndogo zinazotengeneza rangi nyeusi. Umri ukiendelea, chembe hizo huchoka na kupungua, na unywele hutoka bila rangi. Hiyo ndiyo mvi. Mvi si ugonjwa, na hakuna rangi inayoitibu. Rangi huupaka unywele uliokwisha kutoka tu. Nywele hukua kiasi cha sentimeta moja kwa mwezi, kwa hiyo baada ya wiki chache weupe utachungulia tena kwenye shina. Mtu anayeanza kupaka ajue kwamba ameanza kazi ya kurudiarudia.

Hina ni jani

Hina hupatikana kwa kukausha majani ya mhina, kuyatwanga na kuyachekecha. Unga wake ni wa kijani au kijani cha kahawia, na una harufu ya majani. Ndani yake imo rangi ambayo hushikamana na unywele na ngozi. Ukipaka mvi kwa hina tupu, zitakuwa za rangi ya chungwa au nyekundu. Ukipaka nywele nyeusi, hutaona mabadiliko mengi ila wekundu kidogo juani, kwa sababu hina huongeza rangi juu ya unywele, haiondoi weusi uliopo.

Hina halisi haina haraka. Hukaa kwa saa kadhaa, na rangi yake huendelea kukolea kwa siku moja au mbili baada ya kuoshwa. Shika jambo hili kama kipimo chako: hina halisi haitoi weusi wa mkaa. Ukiuziwa kitu kinachoitwa “hina nyeusi,” nacho kinaifanya ngozi iwe nyeusi tititi kwa muda mfupi, ujue kimetiwa kitu kingine.

Unga mweusi wa dukani

Kitu hicho kingine, mara nyingi, ni rangi nyeusi ya nywele inayouzwa kwenye vipakiti au vichupa. Rangi nyingi za namna hii zina kemikali iitwayo parafenilenidiamini, kwa kifupi PPD. Imetumika kutia rangi nywele tangu miaka ya 1880. Chembe zake ni ndogo sana, hupenya ndani ya unywele. Humo hukutana na dawa nyingine iitwayo haidrojeni peroksaidi, au na unga unaofanya kazi hiyo hiyo ukitiwa maji. Hapo chembe hushikana, huwa kubwa na nyeusi, na hazitoki tena kwa kuoshwa. Ndiyo maana rangi hiyo hudumu.

Kwenye unywele kazi hiyo haina maumivu, kwa sababu unywele hauna uhai wala damu. Ngozi ina uhai na damu. Hata hivyo, katika miji yetu ya pwani, kutoka Lamu na Mombasa hadi Unguja na huku kusini, rangi hii huchanganywa na kuchorwa mikononi na miguuni kwa jina la piko. Watu huipenda kwa sababu ni nyeusi na hukauka upesi. Lakini kipakiti chenyewe hakikutengenezwa kwa kazi hiyo. Katika nchi za Umoja wa Ulaya sheria hairuhusu PPD izidi asilimia 2 katika rangi inayopakwa nywele, na hairuhusu kabisa kuchorwa ngozini. Mchoraji wa piko hapimi asilimia. Hukoroga mpaka rangi ikolee.

Mwili hausahau

Hapa ndipo penye neno kubwa la leo. PPD ikigusa ngozi, kinga ya mwili inaweza kuitambua kuwa adui. Baada ya siku kadhaa, au hata wiki mbili, mahali palipochorwa huwasha, huvimba na kutoa malengelenge yanayofuata mstari wa ua lile lile lililochorwa. Malengelenge hupona. Mara nyingine hubaki kovu au baka jeupe. Lakini uadui wenyewe haufutiki. Mwili huutunza, kwa kawaida maisha yote.

Basi fikiri juu ya binti wa miaka 10 aliyechorwa piko siku ya arusi ya dada yake, akawashwa kidogo, watu wakasema ni joto. Akifika miaka 40 ataona mvi, atanunua kipakiti dukani na kujipaka kichwa kizima. Mwili utakumbuka. Usiku ule au kesho yake uso wake unaweza kuvimba, macho yakafumba, na kichwa kikatoka maji. Yeye atasema rangi ilikuwa mbovu. Kumbe rangi ni ile ile aliyochorwa utotoni.

Kwa hiyo kanuni ni hii: aliyewahi kuwashwa au kupata malengelenge kwa piko, hata mara moja, asipake kamwe rangi nyeusi yenye PPD. Hina halisi iliyo tupu ndiyo yake, au aziache mvi zake na heshima yake.

Hatari kubwa zaidi

Huko Khartoum, Sudan, ambako wanawake nao hupenda sana hina, katika miaka ya 1980 madaktari waliandika habari za watu waliodhurika kwa unga huu uliochanganywa na hina au uliomezwa. Walivimba uso na koo, figo zikaharibika, na wengine walikufa. Nchini Marekani mwaka 1933 rangi ya namna hiyo iliyotengenezwa kwa ajili ya kope ilipofusha mwanamke. Mambo kama hayo yalisaidia kuletwa kwa sheria mpya ya vipodozi huko mwaka 1938. Kwa hiyo usipake rangi ya nywele kwenye nyusi wala kope.

PPD ikimezwa ni sumu kali. Kwanza koo na ulimi huvimba, pumzi ikazibwa. Kisha misuli huumia, mkojo huwa mweusi kama chai ya rangi, na figo husimama. Hakuna dawa maalumu ya kuiondoa sumu hii mwilini. Ni hospitali tu inayoweza kumfungulia mgonjwa njia ya hewa na kumsafisha damu. Usihifadhi rangi kwenye chupa ya soda, wala kwenye kikombe cha kunywea, wala karibu na unga wa chakula.

Namna ya kupaka rangi nyumbani

Ukiamua kupaka rangi ya dukani, fuata hatua hizi.

1. Nunua kipakiti kizima chenye maandishi, tarehe ya kuisha na jina la mtengenezaji. Usinunue unga uliopimwa kwa kijiko na kufungwa kwenye karatasi. Kama maandishi ni ya Kiingereza, mwombe kijana aliyesoma akusomee yote.

2. Jaribu siku mbili kabla, yaani saa 48. Paka tone dogo nyuma ya sikio au ndani ya kiwiko kwa jinsi maelezo yanavyosema. Ukiona wekundu, muwasho au uvimbe, acha. Fanya hivi kila mara, hata kama mwaka jana hukudhurika. Lakini mtu aliyekwisha kudhurika na piko asifanye hata jaribio hili.

3. Usipake penye kidonda, ukurutu au mikwaruzo. Usikune wala kuchana kwa nguvu kabla ya kupaka. Mafuta ya asili ya ngozi ni ngao, hivyo usioshe kichwa kwa sabuni kali siku ile ile.

4. Usipake siku moja na dawa ya kunyoosha nywele. Acha zipite wiki mbili, la sivyo nywele zitakatika na kichwa kitaungua.

5. Vaa glavu. Paka mafuta mazito kwenye paji la uso, masikio na shingo. Koroga kwenye chombo cha plastiki, si cha bati, tena mahali penye hewa.

6. Tazama saa. Usizidishe dakika zilizoandikwa ukitumaini weusi zaidi, wala usilale nayo. Osha kwa maji mengi mpaka maji yatoke meupe.

7. Rangi iliyobaki baada ya kukorogwa itupe chooni. Usiifungie kwenye chupa, maana hutoa hewa na chupa yaweza kupasuka.

Mama mjamzito asiwe na hofu kubwa, kwani rangi inayopita kwenye ngozi ya kichwa ni kidogo. Lakini ni busara kusubiri miezi mitatu ya kwanza ipite.

Watoto

Mtoto asichorwe piko. Mtoto mchanga asipakwe hata hina halisi. Katika nchi zenye malaria kama yetu, baadhi ya watu huzaliwa na upungufu wa kitu kiitwacho G6PD kinacholinda chembe nyekundu za damu. Hina ikipita kwenye ngozi laini ya mtoto huyo, chembe zinaweza kupasuka. Macho huwa ya manjano, viganja hupauka, mkojo huwa mweusi. Huwezi kumjua mtoto wa namna hiyo kwa kumtazama.

Tena, nywele za mtoto zikiwa nyekundu na nyembamba zenyewe, miguu ikavimba, hilo si jambo la rangi. Huenda ni utapiamlo. Mpeleke zahanati.

Mtu akidhurika

Osha rangi mara moja kwa maji mengi na sabuni laini. Ikiingia jichoni, mimina maji safi kwa muda usiopungua dakika 15, kisha nenda zahanati. Usipake dawa ya meno, majivu wala mafuta ya taa.

Uso, midomo au ulimi ukivimba, au pumzi ikiwa nzito, usingoje kupambazuke. Tafuta pikipiki au gari, mpeleke kituo cha tiba kilicho karibu ili apelekwe hospitali. Aliyemeza rangi asitapishwe wala asipewe maziwa au mafuta. Chukua na kipakiti chenyewe, kwa sababu kitamwonyesha mganga sumu ni ipi.

Wachoraji wa mabibi arusi na makungwi wetu ndio wanaoaminiwa na akina mama, nao ndio wanaoweza kulikomesha jambo hili. Shangazi anayekataa kumchora mtoto piko hajamnyima urembo. Amemwekea akiba ya ngozi yake.

Maswali ya majadiliano darasani

1. Utatambuaje hina halisi na “hina nyeusi”?
2. Kwa nini mtu aliyewashwa na piko utotoni asipake rangi nyeusi ya nywele uzeeni?
3. Katika kijiji chenu rangi ya nywele huwekwa wapi nyumbani? Je, mtoto anaweza kuifikia?
4. Mwenzenu amevimba midomo usiku baada ya kupaka rangi. Mtafanya nini, na usafiri mtaupata wapi?