Imani kando ya kitanda cha mgonjwa

Ugonjwa wa muda mrefu humnyang'anya mtu afya, na pamoja nayo mipango yote aliyokuwa ameipanga. Dawa hushughulikia mwili. Maswali yanayomkosesha usingizi, kwa nini mimi na nani atanilelea watoto, hayana kidonge, na hapo ndipo watu wengi hushikamana na dini yao.

Waislamu na Wakristo wana kisa kimoja wanachokirejea wakati huo, cha Nabii Ayubu, aliyepoteza mali, watoto na afya. Katika Biblia rafiki zake wanamshikilia akiri dhambi iliyomletea balaa, na mwishoni wanaokemewa na Mungu ni wao. Uislamu nao unamtaja Ayubu kuwa kielelezo cha subira, na unafundisha kwamba maradhi ni mtihani unaoweza kumpata hata Mtume. Mafundisho haya yana uzito mkubwa kwa mgonjwa wa saratani au mama aliyezaa mtoto mlemavu, kwa sababu yanamwondolea aibu. Anayeamini kwamba hakuadhibiwa hana haja ya kuficha ugonjwa wake, na asiyeficha huwahi hospitali. Subira yenyewe haimaanishi kukaa tu na kungoja: Mtume Muhammad aliwahimiza wafuasi wake watafute tiba.

Msaada unaoonekana zaidi, hata hivyo, ni ule unaobisha hodi mlangoni. Tangu miaka ya 1970 maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki wamezipa kipaumbele jumuiya ndogondogo za Kikristo, ambapo familia za majirani husali pamoja kwa zamu nyumba hadi nyumba. Mwenzao akiugua, jumuiya hiyohiyo humpikia uji, humfulia, humchangia nauli ya kliniki na kukesha naye wodini. Kwa Waislamu, kumzuru mgonjwa ni haki anayomdai Mwislamu mwenzake, si hisani. Watu hawa ndio wanaogundua mapema kwamba mgonjwa ameacha dawa, au kwamba nyumbani hakuna chakula cha kumezea vidonge. Sehemu kubwa ya nguvu ya dini katika shida hupita kwenye mikono yao.

Ibada nazo zina kazi yake. Kitandani siku hupoteza umbo, asubuhi na jioni zikawa kitu kimoja, lakini swala tano au sala ya jioni huirudishia mpangilio. Mwili pia huitikia. Mwaka 2001 timu ya mtafiti wa Italia, Luciano Bernardi, iliwapima watu wazima wenye afya njema wakisali rozari kwa Kilatini, ikakuta kwamba pumzi zao zilipungua hadi takriban sita kwa dakika, mwendo unaotuliza mapigo ya moyo. Utafiti huo ulihusu rozari na mantra za yoga, ila anayeleta dhikri polepole anaweza kuutambua utulivu huo.

Dini zenyewe zimemfikiria asiyejiweza. Sheria ya Kiislamu inamruhusu mgonjwa kuswali akiwa ameketi au amelala, na inamruhusu kutofunga Ramadhani. Inasikitisha kuona wagonjwa wa kisukari wakifunga kinyume cha ushauri wa daktari ilhali ruhusa hiyo ipo. Wakatoliki nao wapo wanaochelewa kumwita padri kwa kuhofia kwamba mpako wa wagonjwa ni sakramenti ya kufia, wakati baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikani Kanisa lilisisitiza kwamba unamfaa kila aliye katika ugonjwa mzito.

Je, imani huponya? Mwaka 2006 nchini Marekani, Herbert Benson na wenzake walichapisha utafiti wa wagonjwa wapatao 1,800 waliofanyiwa upasuaji wa moyo. Walioombewa na watu wasiowafahamu hawakupata matatizo machache kuliko wengine. Matokeo hayo hayagusi faraja ambayo mgonjwa huipata katika imani yake mwenyewe. Mwanasaikolojia Kenneth Pargament alichunguza upande huo, na mwaka 2001 yeye na wenzake walitoa matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka miwili karibu wagonjwa 600 wa umri mkubwa. Walioona kwamba Mungu amewatupa au hawapendi tena walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufariki. Kwa hiyo si kila imani humsaidia mgonjwa: inayomwambia kwamba hayuko peke yake humtia nguvu, na inayomwambia kwamba amelaaniwa humwongezea mzigo.

Imani ikichukua nafasi ya tiba huleta maafa. Mwaka 2011 maelfu ya watu kutoka Tanzania na nchi jirani walimiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Baadhi walifia kwenye foleni, na wengine waliacha dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI wakiamini wamepona.

Njia iliyo bora ni ya tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mateso mgonjwa wa maradhi mazito, ambayo Cicely Saunders aliipa msingi wa kisasa alipofungua hospisi ya St Christopher's jijini London mwaka 1967. Alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa ni ya mwili, nafsi, jamii na roho kwa pamoja. Anne Merriman alianzisha huduma ya namna hiyo Uganda mwaka 1993, ambako mofini ya kunywa na faraja ya kiroho humfikia mgonjwa hadi nyumbani. Mashehe, mapadri na wachungaji wanaweza kuifanya kazi hiyo hiyo kila wanapomtembelea mgonjwa: wamwombee, kisha wamuulize kama amekunywa dawa na ni lini anarudi kliniki.