Jiwe la Kibofu Lina Chanzo Chake

Mzee anaanza kukojoa vizuri, mara mkojo unakatika ghafla kama bomba lililofungwa. Akibadilisha mkao, unatoka tena kidogo, na maumivu yanamchoma hadi ncha ya uume. Wengi wenye hali hii hupewa dawa za UTI, wakapata nafuu, kisha tatizo likarudi. Kumbe ndani kuna jiwe linalobingirika na kuziba mlango wa kibofu.

Jiwe hili si lile la figo, ambalo maumivu yake huanzia ubavuni na kushukia kinenani. La kibofu mara nyingi hujijenga humohumo, kwa sababu mkojo hautoki wote. Kwa wanaume waliovuka miaka 50, chanzo kikubwa ni tezi dume iliyotanuka na kubana njia. Mkojo unaobaki hukolea, chumvi zake hugandamana, na bakteria nao huongeza kasi. Waliokaa na mpira wa mkojo muda mrefu au walioumia uti wa mgongo nao wamo hatarini. Watoto wanaolishwa nafaka tupu, bila maziwa wala nyama, na kuharisha mara kwa mara hupata mawe pia. Mvulana anayelia akikojoa huku akivuta uume wake asichapwe, apelekwe hospitali.

Damu kwenye mkojo inanitia hofu zaidi. Unguja, Pemba na Kanda ya Ziwa, kichocho kimezoeleka mno hata damu kwenye mkojo wa kijana huonekana jambo la kawaida. Si kawaida. Kichocho hutibika kwa prazikwanteli, lakini kikiachwa miaka mingi hujeruhi kuta za kibofu na kuongeza hatari ya saratani. Jiwe nalo hutoa damu, saratani hali kadhalika. Bila vipimo, huwezi kujua ni kipi.

Kunywa maji ni kuzuri, ila hakutoi jiwe lililokwisha kuwa kubwa. Daktari hupitisha kifaa chembamba kwenye njia ya mkojo na kulivunja, au hulitoa kwa kupasua chini ya kitovu. Lakini kulitoa jiwe na kuiacha tezi inayobana ni kulikaribisha jingine. Kwa hiyo ukipigwa ultrasaundi, omba ipigwe tena baada ya kukojoa, kisha muulize daktari: mkojo uliobaki ni kiasi gani, na kwa nini umebaki?