MINYOO HAWAFI KWA NJAA, WANAKUFA KWA JOTO



Katika parsele nyingi za Lubumbashi, maganda ya ndizi na mabua ya sombe yanatupwa ao yanachomwa. Kisha mwenye parsele ileile anatoa makuta kununua mbolea ya lengalenga. Maana yake tunachoma mbolea asubuhi, mangaribi tunainunua. Minyoo ya udongo wanaweza kutuondolea hasara hiyo: wanakula uchafu wa jikoni na kutoa mbolea nyeusi, laini, isiyonuka.

Lakini wengi wanaojaribu wanaacha haraka. Minyoo wamekufa, beseni inanuka. Shida iko wapi?

Mnyoo hana mapafu, anapumua kwa ngozi, na ngozi hiyo lazima ikae na unyevu. Mnyoo mwekundu wa Ulaya, Eisenia fetida, anayesifiwa sana katika vitabu, anapenda joto la digrii 15 hadi 25. Mwezi wa 10 hapa kwetu unapita hapo. Afrika iko na mnyoo wake, Eudrilus eugeniae, anayefanya kazi vizuri kati ya digrii 25 na 30. Huyu anaogopa baridi. Mwezi wa 6 na wa 7 umfunike na gunia usiku.

Tena kuna joto tunalolileta sisi wenyewe. Ukijaza chakula kingi siku moja, kinaoza na kuwaka moto kwa ndani, sawa rundo la majani mabichi. Minyoo wanapikwa hata kama beseni iko kivulini.

Basi, fanya hivi:

1. Chukua beseni ya plastiki ao sanduku la mbao, kina cha sentimita 30. Toboa matundu chini, maji yatoke. Weka kivulini siku nzima, isiwe chini ya mabati yanayowaka.

2. Lowanisha katoni iliyopasuliwa na majani makavu. Kamua kwa mkono: yakitoka matone machache, inatosha. Yakimwagika, ni mengi.

3. Tafuta minyoo kwenye samadi ya zamani ya ngombe ao chini ya mgomba uliooza. Wale wanaochimba chini sana kwenye udongo, waache. Beseni si nyumba yao.

4. Fukia chakula kidogo, upande mmoja tu. Usiongeze mpaka cha kwanza kikaribie kuisha. Nyama, mafuta, chumvi na pilipili, hapana. Samadi mbichi nayo iache ipoe kwanza.

5. Siafu wakisumbua, simamisha sanduku juu ya miguu minne, kila mguu ndani ya kopo la maji.

Kisha miezi mitatu hivi, weka chakula kipya upande wa pili. Minyoo watahamia kule polepole, nawe utavuna upande wa kwanza. Konzi moja kwa kila shina inatosha. Kwa miche, changanya sehemu moja ya mbolea na nne za udongo.

Beseni moja haitalisha shamba. Italisha matuta machache ya lengalenga na matembele nyuma ya nyumba, na kwa kijana aliye na diploma lakini hajapata kazi, mboga isiyonunuliwa ni makuta yanayobaki mfukoni. Kila asubuhi ingiza kidole ndani ya beseni: ukisikia moto, fungua, punguza chakula, nyunyiza maji. Kidole chako kitakuambia mapema kuliko harufu.