Using'oe haraka!

Wanafunzi waliniuliza: mbona kuna asubuhi Karisimbi unaamka umevaa weupe? Kilele chake kiko mita 4,507. Huko maji yanaganda.

Huku chini Nyakiriba hatujazoea hayo, lakini wakulima wa chai wa Kericho, Kenya, yaliwakuta Januari 2012. Usiku bila mawingu wala upepo, joto la ardhi linapanda juu, umande unaganda. Maji ya ndani ya jani nayo yakiganda, jani linaharibika. Jua likitoka linalegea kama limechemshwa, kisha linakuwa jeusi.

Sasa mama anaona bustani nyeusi, anachukua jembe. Ngoja kwanza! Kiazi macho yake yako chini ya udongo, kinaweza kuchipuka tena. Kabichi, karoti na kitunguu vinavumilia. Maharage ndiyo dhaifu: vichipukizi vyote vikifa, panda upya. Kwaruza shina kwa ukucha. Ndani kukiwa kijani, bado ni zima. Subiri kama wiki mbili, ndipo ukate palipokauka. Fanya hivyo hivyo mvua ya mawe ikichana majani.

Ukiona baridi kali inakuja, mwagilia udongo mchana, maana udongo wenye maji unatunza joto. Jioni funika miche kwa majani makavu au kitenge cha zamani, asubuhi funua.

Mimi mwenyewe mwaka jana niling'oa viazi vyangu vilivyopigwa na mvua ya mawe. Chini nikakuta vichipukizi tayari! Kabustani kako ni mboga ya watoto. Usikazike kakiwa hai.