Utosi wa mtoto na mkono wa nyanya
Ukipita Kitale au Bungoma huenda ukamkuta nyanya, kukhu kwa Kibukusu, akimkanda mjukuu kichwa kwa mafuta ati kipate mviringo. Kumbe Marekani nako, mnamo 1939, mkandaji mifupa William Garner Sutherland alitoa kitabu akishikilia kwamba mifupa ya fuvu husogea, na kwa kuigusa polepole mwili mzima hutengenea. Ushahidi? Haba. Fuvu la mtu mzima limeshikana barabara.

La mtoto mchanga ndilo lenye mwanya, nao utosi hufunga yapata miezi 18. Ukibonyea huku mtoto anaharisha, mama, usiukande: mwili umekaukiwa maji. Mnyonyeshe, umkimbize hospitali, na nyanya afuatane nawe.