Prosesa ya zamani nayo inahitaji marekebisho

Kompyuta nyingi za steshenari za Songea, kuanzia Mfaranyaki hadi Bombambili, zilinunuliwa zikiwa zimeshatumika. Mnunuzi huuliza RAM, diski na betri. Mikrokodi haulizi, ilhali ndiyo maelekezo ya ndani yanayoiongoza prosesa katika kutekeleza amri.

Januari 2018 zilitangazwa kasoro mbili, Meltdown na Spectre. Ili kuongeza kasi, prosesa hubashiri hatua inayofuata na kuianza mapema. Ikikosea hufuta matokeo, lakini alama hubaki katika kumbukumbu yake ya haraka, na programu yenye hila huzisoma ikachota nywila. Sehemu ya tiba ilikuwa mikrokodi mpya. Intel iliitoa hata kwa Core za kizazi cha pili, za mwaka 2011. Aprili 2018 ikatangaza kwamba familia kadhaa za Core 2, zilizotangulia hizo, hazitaipata. Agosti 2023 ikaja Downfall, iliyogusa Core za kizazi cha 6 hadi cha 11.

Mikrokodi hupakiwa upya kila kompyuta inapowashwa, ama na BIOS, yaani programu ya kuiwashia mashine, ama na mfumo endeshi. Kubadilisha BIOS kuna hatari: umeme ukikatika katikati, mashine inaweza isiwake tena. Songea iliunganishwa na gridi ya Taifa mwaka 2018, lakini kukatika kwa umeme hakujaisha, na laptopu kuukuu aghalabu betri yake imekufa. Bila UPS, mimi nisingethubutu.

Njia ya mfumo endeshi ni salama zaidi, maana ikishindikana unaondoa kifurushi tu. Windows 10 iliacha kupata marekebisho ya kawaida Oktoba 14, 2025, na mashine nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11. Linux bado inazihudumia: kwenye Debian, weka intel-microcode au amd64-microcode, uwashe upya, kisha andika grep microcode /proc/cpuinfo uone toleo.

Kusema kweli, mwizi wa kawaida ataanza na flashi yenye virusi au nywila dhaifu. Hayo yashughulikie kwanza.

Lakini steshenari ndiko vijana wanakoombea mikopo ya HESLB, wakiacha namba za NIDA na nywila zao. Mwenye Core 2 Duo aiache ichape barua bila intaneti, na maombi ya wateja ayajaze kwenye mashine ambayo bado inapata marekebisho.