Ruhusa za Wapambanuzi wa Kujitolea katika Programu Huria

Makala haya yanajadili swali linalowakabili wasimamizi wa programu huria: mtu anayejitolea kupokea na kuchambua ripoti za dosari apewe ruhusa zipi? Programu huria ni ile ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuubadilisha na kuusambaza. Kwa kuwa watumiaji ni wengi na wahandisi ni wachache, ripoti hurundikana. Hapo ndipo anapohitajika mtu wa kuzisoma, kutenga zinazojirudia, kuulizia maelezo yaliyokosekana na kubainisha zilizo za dharura. Mtu huyo tutamwita mpambanuzi. Dhana yenyewe imeazimwa hospitalini, kwenye meza ya kwanza ambapo muuguzi hupima joto na shinikizo la damu, kisha akaamua nani atangulie kuonwa na daktari.

Mfano ulio karibu nasi ni OpenMRS, mfumo huria wa rekodi za wagonjwa ulioanzishwa mwaka 2004 na kuanza kutumika Eldoret mwaka 2006 chini ya mpango wa AMPATH. Juu ya msingi huo ndipo ilipojengwa KenyaEMR, inayotumika katika vituo vingi vya afya vya umma nchini Kenya. Kaunti ya Homa Bay imekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa kaunti zenye viwango vya juu zaidi vya maambukizi ya VVU. Sasa tuchukue kisa cha kubuni: karani wa rekodi katika kituo cha afya huko Rangwe anagundua kwamba tarehe ya mgonjwa kurudi kuchukua dawa hubadilika kila rekodi inapohifadhiwa. Anaandika ripoti. Ripoti hiyo inaangukia katikati ya maombi ya kubadilisha rangi za vitufe. Mpambanuzi asiye na ruhusa yoyote ataweza tu kuandika chini yake kwamba jambo hili ni la haraka, na maneno yake yatazama pamoja na ripoti yenyewe.

Jamii mbalimbali zimelijibu swali hili kwa namna tofauti. Debian imeacha mlango wazi kabisa: yeyote anaweza kubadilisha hali ya ripoti kwa kutuma barua pepe, na makosa husahihishwa baadaye. Mozilla imeweka ngazi mbili. Ya kwanza humruhusu mtu kuthibitisha kwamba dosari ipo, na ya pili humruhusu kuhariri sehemu nyingi za ripoti. Ubuntu humruhusu kila mtu kusaidia, lakini uzito wa dosari hupangwa na kundi lililochujwa. GitHub nayo ilianzisha mwaka 2019 wadhifa maalumu wa upambanuzi: mwenye wadhifa huo hubandika lebo, hufunga na kufungua ripoti, na huwapangia watu kazi, bali hagusi msimbo.

Kwa maoni yetu, kigezo kinachofaa ni urahisi wa kutengua kitendo. Lebo iliyokosewa huondolewa kwa sekunde moja. Ripoti iliyofungwa kimakosa hufunguliwa tena. Ruhusa za aina hii hazina sababu ya kucheleweshwa kwa miezi. Kuingiza msimbo au kutoa toleo jipya ni jambo jingine, maana toleo likishafika vituoni haliiti kurudi. Wakazi wa Rangwe hawahitaji kufundishwa tofauti hii: nyamrerwa, yaani mhudumu wa afya wa kijijini, huweza kupima malaria na kutoa dawa kwa kesi nyepesi, lakini kesi kali huielekeza kituoni.

Hata hivyo, kigezo hicho hakitoshelezi pale penye siri. Karani mwenye haraka anaweza kuambatisha picha ya skrini inayoonyesha jina la mgonjwa na hali yake ya VVU. Atakayeiona kwanza ni mpambanuzi, ilhali katika mfumo wa GitHub wadhifa wake haumruhusu kufuta wala kuhariri maandishi ya mwingine. Atabaki akimtafuta msimamizi ambaye huenda amelala upande mwingine wa dunia, na picha iko hadharani. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Kwa mradi wa kitabibu, basi, tungependekeza mpambanuzi aweze kuficha kiambatisho papo hapo, kitendo hicho kikiandikwa kwenye kumbukumbu, na msimamizi ndiye aamue kufuta moja kwa moja. Ripoti za mianya ya usalama nazo zipitie njia ya faragha ambayo si kila mpambanuzi anaiona.

Wapo wanaohofia kwamba ruhusa ndogo huzaa kubwa. Hofu hiyo ina msingi. Mtu aliyejiita Jia Tan alianza kuchangia mradi wa xz mwaka 2021, akauzoea, akapewa usimamizi na mwenyewe aliyekuwa amechoka, na Machi 2024 ikagunduliwa kwamba alikuwa amepenyeza mlango wa siri katika matoleo mapya. Lakini tukikiangalia kisa hicho kwa makini, kasoro haikuwa kwenye lebo. Mradi ulikuwa na msimamizi mmoja tu, na kati ya kusaidia na kutoa matoleo hapakuwa na ngazi iliyohitaji sahihi ya mtu wa pili. Katika miradi kama OpenMRS, ngazi hiyo ndiyo ya kulindwa, na ruhusa za mpambanuzi asiyeonekana kwa mwaka mzima zirejeshwe, naye apewe tena akirudi na kuziomba.